Macho Mekundu ya Bibi Minza

Nilikwenda Nkoma kwa sababu bibi yangu alitaka jibu moja kutoka kwangu, ndiyo au hapana. Bibi Minza, mama mzazi wa mama yangu, alikuwa amekaa nyumbani kwangu Morogoro miaka minne, na kila mwaka mvua zikiisha aliniuliza kama sasa anaweza kurudi kwake. Kila mwaka nilimwambia tungoje kidogo. Mwaka huu aliacha uji wake mezani, akanitazama, akasema, "Kabula, nenda wewe ukaangalie. Ukirudi ukasema hapana, sitakuuliza tena." Ana miaka zaidi ya themanini. Nilijua akiacha kuuliza, atafia mbele ya jiko langu la gesi, jiko ambalo hajalipenda hata siku moja kwa kuwa moto wake hauna harufu.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu, nieleze kwa nini aliondoka. Simiyu miti ya kuni ni michache. Wanawake hupikia miti ya pamba baada ya mavuno, na ikiisha hupikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ndani ya jiko la nyasi, kibanda chenye mlango mmoja tu. Mwanamke akifanya hivyo miaka hamsini, macho yanakuwa mekundu, na hayarudi tena. Kisha watu wanasahau kilichoyafanya mekundu. Mtoto akifa kwa homa au ng'ombe wakianguka, mtu anakwenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli naye hana kazi ngumu, anasema tu mtafuteni mchawi mwenye macho mekundu. Bibi wengi wameuawa kwa kosa la kupika.

Miaka minne iliyopita mjukuu wa jirani yetu, Mama Shija, alikufa kwa homa. Mama Shija akaenda kwenye ramli. Wiki hiyo hiyo karatasi ilitupwa mlangoni kwa Bibi ikimwambia ahame kabla ya siku ya gulio, la sivyo atafuatwa. Binamu yangu Holo, mtoto wa mjomba, anayeishi boma la pili, alinipigia simu akilia. Nilipofika kumchukua Bibi, siku ya gulio ilikuwa imeshapita na hakuna aliyekuja. Holo aliniambia kwamba manju mmoja, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, aliimba wimbo uwanjani, na baada ya wimbo ule vijana hawakuthubutu. Sikuamini. Mimi ni fundi cherehani, naamini kitu ninachoweza kukishika, na wimbo haushikiki. Nikamfungia Bibi mizigo yake akilalamika, tukaondoka.

Sasa mwaka huu Holo akatuma sauti kwenye simu. Ni wimbo ule ule, bado unaimbwa. Bibi akawa anausikiliza asubuhi na jioni, simu imebanwa sikioni, mpaka wateja wangu wakaujua. Ndipo akaniacha na lile swali.

Alfajiri ya Jumatano nikiwa nafunga begi, Bibi alikuja na fimbo yake akasimama mlangoni. Ndani ya begi nilikuwa nimeweka shati moja la kitenge lililotariziwa shingoni, zawadi ya huyo manju, aitwaye Sayi, ambaye sikuwahi kumwona. Nilikuwa nimemkadiria tu kwa sauti yake, nikaamua ni mtu wa mabega mapana. Bibi hakulitazama shati.

"Ukifika uangalie jiko langu," alisema. "Ukikuta limeanguka, usijisumbue kuuliza kingine. Panda gari urudi."

Nilimwelewa. Jiko la nyasi lisilowashwa moto linaliwa na mchwa, misimu miwili ya mvua haliimalizi. Moshi ndio unaolinda nyasi. Jiko la mtu aliyeondoka miaka minne lingekuwa tuta la udongo kwa wakati huu, isipokuwa kama kuna mtu aliyetaka lisimame. Nilipanda basi nikiwa na hakika kwamba nakwenda kutazama tuta la udongo.

Mchana tulikuwa Singida, kwenye mawe yale makubwa yaliyokaa juu ya mengine, nami nilikula kuku ambaye kwa ugumu wake nadhani alikuwa amekuja Singida kwa miguu. Jua likizama tukaingia Shinyanga. Nilipata chumba karibu na stendi, nikaoga maji baridi, nikalala na vumbi langu lililobaki masikioni.

Alhamisi asubuhi nilifika Maswa. Hapo ndipo moyo wangu huanza kujua kwamba uko nyumbani, kwa sababu ya pamba. Ni msimu wa mavuno, na malori yanayoipeleka kwenye viwanda vya kuchambulia hudondosha nyuzi njiani, hivyo miiba ya kando ya barabara yote ilikuwa imevaa vipande vyeupe. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alinisalimia, "Mwangaluka," nikaitika, na nikajisikia vibaya kidogo kwa jinsi ulimi wangu ulivyokuwa mzito kwenye salamu ya kwetu.

Saa sita mchana nikawa Bariadi mjini. Niliingia duka la bwana mmoja wa Kondoa, Athumani, kununua sukari, chumvi na khanga za kupeleka kijijini, maana mtu hafiki kwa watu mikono mitupu. Aliponiuliza naelekea wapi nikamwambia Nkoma, kwa watu wa Bibi Minza. Akaacha kufunga sukari.

"Minza yule wa wimbo?"

"Unaujua?"

"Dada, mimi Kisukuma changu ni cha kuuzia sabuni. Lakini wimbo wa macho naujua wote. Wanangu wanauimba wakiosha vyombo." Akaniimbia mstari mmoja pale pale, vibaya kabisa, akiwa ameshika mfuko wa sukari. Nilicheka, kisha nikageuka nikatazama nje kwa muda, kwa sababu jina la bibi yangu lilikuwa limefika kwa mtu wa Kondoa likiwa salama.

Alasiri nilipita Lagangabilili, penye ofisi mpya za wilaya ya Itilima, rangi bado haijapauka. Hapo nikachukua bodaboda kwenda Nkoma. Dereva aliendesha polepole nilivyomwomba, jambo ambalo nalitaja hapa kwa shukrani kwa sababu ni adimu. Kila tulipopita nilitazama majiko. Mengi yalikuwa yakitoa moshi, huo moshi mzito wa njano wa miti ya pamba.

Saa kumi na moja nikaliona boma la Bibi, na jiko lilikuwa limesimama.

Nyasi za juu zilikuwa nyeusi kwa masizi, zimekaa vizuri. Ukuta ulikuwa umekandikwa upya upande wa magharibi, ambako mvua hupiga. Na moshi ulikuwa unatoka. Nilishuka kwenye pikipiki, nikaenda moja kwa moja mlangoni, nikainama kuchungulia, nikidhani nitamkuta Holo.

Aliyekuwa ndani ameinama akipuliza moto alikuwa Mama Shija.

Nisiwadanganye wasomaji wangu. Nilitamani kumvuta nje kwa mkono. Huyu ndiye aliyekwenda kwenye ramli. Kwa sababu yake bibi yangu alikaa miaka minne akisikiliza magari ya Morogoro. Lakini aliinua uso, macho yanatiririka kwa moshi, mekundu kama pilipili iliyoiva, akasema, "Mwadila, Kabula." Kwetu salamu ya jioni hailazwi chini hata kwa adui. Nikaitika, "Mwadila."

Alisimama taratibu, akajipangusa na upande wa khanga. Akaonyesha paa kwa kidole. "Mwambie halijavuja," alisema. Kisha akachukua kapu lake akapita pembeni yangu akaondoka.

Holo alinikuta nimekaa juu ya kinu cha Bibi. Alinikumbatia, akaniletea maji, akaniacha ninywe kabla ya kuongea.

"Anawasha kila Jumatano na Jumamosi," alisema. "Leo amekuja kwa sababu jana alikuwa kanisani kwenye mazishi. Hatukumwomba, dada. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawasha mimi. Siku moja nikakuta moto umeshawashwa."

"Na hamkumwuliza?"

"Nimwulize nini? Anakuja, anawasha, anafunga mlango upepo usipeleke moto kwenye nyasi, anakaa humo mpaka unazima. Wanawe wote wamehamia kwenye migodi, hana mtu. Labda hata kwake hana wa kumpikia."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule mama kwa raha, na amenivurugia kazi. Usiku huo tulikula matobolwa, viazi vile vikavu vilivyochemshwa, pamoja na karanga, nikalala kwenye kitanda cha Bibi.

Ijumaa asubuhi Holo alinipeleka kwa Sayi. Nilikuwa nimekadiria vibaya. Sayi ni mwembamba, mrefu, wa miaka thelathini na kitu, analima pamba na kutengeneza baiskeli, na huvaa miwani myeusi hata kivulini. Shati lilimfika vizuri mikononi lakini mabegani lilikuwa na nafasi ya kumwingiza mtu mwingine. Nilimwahidi kulipunguza kabla ya kesho. Kisha nikapiga magoti kama inavyompasa mwanamke wa kwetu anayeshukuru kwa kweli, nikamwambia, "Wabeja. Wimbo wako umemponya bibi yangu."

Alivua miwani. "Inuka, dada. Mimi siku ile nilishindwa. Watu wanasahau hilo, lakini mimi sijasahau."

Inabidi nieleze ngoma zetu zinavyoshindana. Hakuna majaji. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao. Anayefurahisha anafuatwa, anayechosha anaachwa peke yake na ngoma zake. Kwa hiyo manju hutafuta kila mbinu ya kuvuta watu, matusi ya kuchekesha, sarakasi, hata wanyama. Ukileta wimbo wa huzuni umejikaanga mwenyewe.

"Mpinzani wangu Jilala alileta chatu," Sayi alisema, na hata baada ya miaka minne ilionekana chatu yule bado anamuuma. "Chatu mzima! Mimi nilikuwa na wimbo wa macho ya vikongwe."

"Sasa kwa nini ukauimba?"

Alizungusha gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa mbele yake. "Nilipokuwa mdogo nilichunga ndama huku. Mama yangu alishakufa. Nikipita kwa bibi yako ananiita, ananipa ugali na maziwa ya mgando. Sikuwa peke yangu. Wale vijana walioandika karatasi, wote wamekula pale. Nilijua mwandiko."

"Usingekwenda kusema kwenye mkutano wa kijiji?"

"Wangeniambia kaa chini. Au wangeniandikia na mimi karatasi. Manju akiimba hakuna wa kumwambia kaa chini. Wanachoweza ni kuondoka." Akavaa miwani yake. "Basi, wakaondoka."

Aliniimbia taratibu, akipiga mdundo kwenye tairi. Wimbo ni wa Kisukuma, nami nauweka hapa kwa Kiswahili ninavyoweza:

*Mayu, inua uso nikuone.*
*Macho mekundu, nani kayapaka?*
*Ni mti wa pamba, ni mavi ya ng'ombe,*
*ni ugali niliokula mimi.*

Mayu kwetu ni mama. Nilikuwa nimeusikia mara mia kwenye simu, na sikuwa nimeusikia. Pale kwenye mstari wa mwisho nikakumbuka ugali wa Bibi mwenyewe, wakati nikija likizo nikiwa msichana, na jinsi tulivyokuwa tukimcheka alipokuwa akitoka jikoni machozi yakimwagika. Hata mimi ni miongoni mwa walioyapaka.

"Kama waliondoka," nilimwuliza baada ya kupenga kamasi, "wimbo ulimponyaje?"

"Hilo kamwulize Jilala. Kesho atakuwa uwanjani." Kisha, kwa sauti ndogo ya mtu anayeulizia jambo lisilo muhimu: "Na yeye umemshonea?"

Nikamwambia hapana, sikujua. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikwenda uwanjani, karibu na ghala la pamba. Watu walikuwa wengi, na vumbi lilikuwa limeshaanza kupanda kabla hata ngoma hazijalia. Jilala ana bucha Lagangabilili, na mwili wake unatangaza biashara. Alikuwa amekaa juu ya ngoma yake akinywa soda. Safari hii hakuwa na chatu. Nilimwambia mimi ni nani, akainuka mara moja kwa heshima, akanisalimia kwa mikono miwili.

"Mayu, nitakueleza kweli tupu, usije ukanipamba huko kwenu," alisema. "Siku ile nilimshinda Sayi. Uwanja wote ulikuwa kwangu. Chatu huyu hapa shingoni, watu wananitazama mimi, na bado nasikia, mmm, mmm. Wanaimba wimbo wa Sayi kwa midomo iliyofungwa! Macho kwangu, koo kwake! Nilikasirika sana."

"Ukafanyaje?"

"Nikasema kama ni huo wanaoutaka, watausikia kwangu, na nitauimba kumzidi mwenyewe. Nikamkabidhi mtu chatu, nikauanza."

Holo alinong'ona kwamba hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Upande mmoja hauimbi wimbo wa upande wa pili.

"Ni kama kuvaa nguo ya ndani ya mwenzio," Jilala alikubali. "Wapiga ngoma wangu wawili walihama kwa hasira. Lakini nilipofika pale kwenye ugali, sauti ikakatika. Mama yangu alikuwa amesimama mstari wa mbele, na macho yake hayo hayo. Nikashindwa kumalizia. Watu wakanimalizia. Uwanja mzima, mayu, wangu na wa Sayi. Kila mtu akawa anamtafuta mama yake kwa macho. Wale vijana wa karatasi walikuwa palepale, na mama zao wamewatazama. Ungekuwa wewe, ungetoka pale ukaenda kumpiga kikongwe?"

Nilimwambia nisingeweza. Nikampigia magoti na yeye, nikasema wabeja, na alipoona haya nikatoa futi yangu ya kupimia kutoka mkobani, nikampima shati pale pale. Kiuno chake kilimaliza futi na kikadai nyingine. Kutoka upande wa pili wa uwanja niliona miwani myeusi ya Sayi ikitutazama. Baadaye alikuja kuniomba jambo moja tu, shati la Jilala lisiwe na tarizi kama lake.

Ngoma zilianza saa tisa. Nilifanya kama wengine, nikafuata miguu yangu. Nilikwenda kwa Sayi alipowatania wanaume wanaouza pamba na kurudi nyumbani wakiwa na redio badala ya daftari za watoto. Nikakimbilia kwa Jilala alipocheza kwa wepesi ambao mwili ule haukuwa na haki ya kuwa nao. Sijacheka hivyo tangu mume wangu afariki.

Jua lilipoanza kulala, ngoma za pande zote mbili zikanyamaza kwa pamoja, na watu wakasogea katikati bila kuambiwa. Holo alinishika mkono. Tangu siku ile ya chatu, alisema, mashindano yote ya hapa yanamalizika hivi. Sayi akaanzisha, Jilala akaitikia, kisha wote. Mayu, inua uso nikuone. Wakongwe walikuwa wamesimama mbele, hawajajificha, na walipofika kwenye ule mstari wa kwanza wakainua nyuso kweli, na watu wakawatazama. Kijana anayepiga ngoma ndogo ya Sayi alikuwa akiimba akitazama chini.

"Huyo ni mmoja wao," Holo alisema sikioni mwangu. "Wa karatasi."

Sikujua kama nimwogope au nimshukuru kwa kuwa pale, na bado sijui. Nilitoa simu nikarekodi.

Tukirudi nyumbani nilimwuliza Holo swali lililonileta. Je, kuna hatari? Holo si mtu wa kupaka mambo sukari. "Siwezi kukuahidi, dada. Mwaka jana mpiga ramli mmoja alipita hapa na begi lake, akafikia kwa mtu ambaye ndama wake wamekufa. Watoto wakamfuata njia nzima wakimwimbia macho mekundu, wakamwuliza yeye mama yake anapikia nini. Hakulala hapa. Lakini kama tusingekuwa tunaimba kila msimu, angelala."

Jumapili asubuhi niliaga. Holo alinipa michembe, vipande vya viazi vilivyokaushwa, na mfuko wa karanga za Bibi. Nilipitia jikoni mara ya mwisho. Mama Shija hakuwepo, lakini majivu yalikuwa bado na joto, na kando yake palikuwa na fungu jipya la miti ya pamba lililopangwa vizuri. Niliacha khanga moja juu ya fungu lile. Sikuiacha kwa moyo mkunjufu kama ambavyo ningependa kuandika hapa, lakini niliiacha.

Njiani kurudi nilikuwa na saa nyingi za kufikiri, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma. Nilikuwa nimekwenda kumshukuru mtu mmoja shujaa. Nikakuta wa kushukuru ni wengi, na wengine hawakuwa na nia ya ushujaa kabisa. Namshukuru Sayi aliyekubali kuachwa peke yake uwanjani. Namshukuru Jilala kwa wivu wake. Namshukuru mtu wa Kondoa anayeimba vibaya, na watoto waliomkimbiza yule wa begi. Namshukuru hata chatu, maana bila yeye Sayi angeshinda na Jilala asingekasirika. Nimejifunza pia kwamba wimbo si kitu kilichofanyika zamani kikaisha. Wanauimba kila msimu kama wanavyowasha lile jiko, na siku wakiacha, mchwa wataingia. Na mimi niliyesema haushikiki, nilikuwa nimelala siku tatu chini ya paa ulilolishikilia.

Jumatatu alasiri niliingia nyumbani Morogoro. Bibi alikuwa amekaa barazani, fimbo magotini. Hakunipokea begi, hakuniuliza habari za safari.

"Jiko?"

"Limesimama, Bibi. Halijavuja."

Akafumba macho. Macho yake yameng'aa siku hizi, gesi yangu imeyasafisha, na aliwahi kuniambia kwa masikitiko kwamba akirudi kwao hawatamtambua. Nilimchezea sauti niliyorekodi. Alisikiliza mpaka mwisho, akainua kidole.

"Hiyo sauti ya kukwaruza, inayochelewa. Ni Mama Shija."

Sikuwa nimemwona pale uwanjani. Bibi alikuwa amemtoa kwenye sauti za watu mamia. Nikaona sina pa kujificha, nikamwambia yote: ni yeye anayewasha jiko, Jumatano na Jumamosi, na hakuna aliyemwomba. Bibi akaigeuza fimbo magotini, nami nikaogopa nimeharibu.

"Anawasha kwa kitu gani? Kuni?"

"Miti ya pamba. Na mavi ya ng'ombe."

"Mlango anafunga?"

"Anafunga, upepo usile nyasi. Anakaa humo mpaka moto uzime."

"Wanawe wapo?"

"Walihama. Yuko peke yake."

Akageuka akanitazama vizuri. "Macho yake yakoje?"

Nikamwambia kweli. "Mekundu, Bibi. Mekundu sana."

Bibi Minza aliegemea fimbo akasimama. "Basi kata tiketi ya kesho," alisema. "Mwanamke mwenye macho hayo haachwi peke yake kule." Akaingia ndani akaanza kukunja khanga zake, na mimi nilikuwa bado sijasema ndiyo wala hapana.